Mtukutu wa kike naye tumuone

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu anayeishi Uingereza kaja likizo hapa Wete na vipindi vya zamani vya watoto ndani ya simu yake: Educating Marmalade, vya mwaka 1982 na 1983, vilivyoandikwa na Andrew Davies. Marmalade Atkins, aliyechezwa na marehemu Charlotte Coleman, ni msichana aliyewashinda walimu wote. Skuli hii inamtimua, ile inamtimua. Wazee wake wenyewe hawana habari naye.

Nimesomesha darasa la nne miaka 31, na nilicheka mpaka mtandio ukanianguka. Kumbe namjua! Wangu mimi alifungia mbuzi ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikamchapa (Mungu anisamehe) huku mbavu zinaniuma kwa kicheko nilichokizuia. Leo ni mkunga.

Katika vichekesho vyetu mtukutu huwa mvulana. Msichana kazi yake kuleta sinia la chai. Na sisi Wazanzibari tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakisubiri hadi 1994! Waandishi wa michezo, tuandikieni mtukutu wa Kipemba, wa kike. Mbuzi nitawaazima.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba