Barua ya wazi kwa vijana wetu wa maghalani na malorini Ulaya

Wanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mama yenu mmoja mzee, mstaafu wa kazi ya usafi hospitalini hapa Liège, Ubelgiji, na wengi wenu mnanijua kwa sura kutoka misibani na harusini. Nawaandikia ninyi mnaopanga vifurushi maghalani, mnaowaogesha wazee majumbani mwao, mnaoendesha malori usiku kucha kutoka Rotterdam hadi Milano. Kuna maneno nayasikia kila tukikutana na siku hizi yamezidi: kwamba Waromania na Wabulgaria wameshusha mishahara, kwamba habari za nchi za Ulaya kushikana mikono ni mambo ya wakubwa wa Brussels, sisi Waafrika hazituhusu, kila mtu ajitafutie.

Nitajibu kwa kirefu. Mzee akiitisha kikao halafu akasema dakika mbili, watu hudhani anaumwa.

Mwaka 1946 Ubelgiji ilikuwa na makaa ya mawe tele, lakini Wabelgiji wenyewe hawakutaka tena kushuka migodini. Serikali ikakubaliana na Italia: ilete vijana 50,000, nayo iuziwe makaa. Wakaja kwa treni, wengi wakalazwa kwenye mabanda yaliyokuwa ya wafungwa wa vita. Wenyeji waliwasema vilevile mnavyowasema Waromania leo. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa Bois du Cazier kule Marcinelle, kigari kilikaa vibaya ndani ya lifti. Lifti ilipopanda, kikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme. Moto ukawaka, moshi ukajaa mashimoni. Walikufa watu 262 wa mataifa 12. Waitalia peke yao walikuwa 136, Wabelgiji 95.

Italia ilisimamisha kupeleka watu wake. Nchi sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi, zilikuwa tayari zimeunganisha soko la makaa na chuma kwa mkataba wa 1951, na mwaka 1957 jumuiya yao ikaunda tume ya kudumu ya usalama migodini. Tume hiyo haikuwa na meno mengi, kauli ya mwisho ilibaki kwa kila serikali. Hata hivyo angalieni ilichogusa. Mwenye mgodi akidaiwa vifaa vya usalama, utetezi wake siku zote ni mmoja: nikivinunua, makaa yangu yatakuwa ghali kuliko ya jirani, nitafunga, na ninyi mtakosa kazi. Jirani naye anasema hivyo hivyo kwa watu wake. Utetezi huo hauwezi kuvunjwa na nchi moja ikiwa peke yake. Unavunjwa nchi zikikubaliana kiwango ambacho hakuna atakayeruhusiwa kushuka chini yake.

Huo ndio mshikamano ninaousema. Wanaodhani ni sadaka ya tajiri kwa maskini wamekosea, na waliouanzisha hawakuwa malaika. Katika Mkataba wa Roma wa 1957, ambao kwa huo nchi hizo sita zilijiundia soko la pamoja, kiliingizwa kifungu cha 119, kinachosema mwanamke na mwanamume wakifanya kazi ileile walipwe sawa. Ufaransa ndiyo iliyokishupalia, na sababu yake ilikuwa ya dukani: sheria zake zilikuwa tayari na kanuni hiyo, na viwanda vyake vya nguo viliogopa kupigwa bei na majirani waliowalipa wanawake kidogo. Kifungu kikaandikwa, kikasahauliwa.

Walioamka nacho ni wanawake wa kiwanda cha silaha cha Herstal, hapa jirani. Februari 1966 wanawake kama 3,000 waliacha mashine zao na kugoma wiki 12, mikononi wana kifungu 119. Walidai nyongeza ya faranga 5 kwa saa, wakapata 2.75. Wengine wangesema wameshindwa. Lakini mwanasheria Éliane Vogel-Polsky alikuwa anakisoma kifungu hicho kwa jicho la aina yake, na baadaye akaipeleka mbele kesi ya Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege aliyelazimishwa kuacha kazi alipotimiza miaka 40 huku wenzake wanaume wakiendelea. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mtu anaweza kukisimamisha kifungu 119 mbele ya hakimu wa nchi yake, bila kuisubiri serikali. Binti zangu mnaolipwa sawa na kaka zenu ghalani, mnaona ilipopitia.

Likizo ya wiki nne yenye malipo nayo, ile mnayoipangia safari ya Tanga au Bukavu, pamoja na saa 11 za kupumzika kati ya zamu na zamu, ni kanuni ya pamoja ya 1993. Uingereza ilikwenda mahakamani kuipinga, ikashindwa mwaka 1996.

Sasa jambo la pensheni, na hapa naomba mnisikilize hata waliokuwa wanasinzia. Mtu amefanya kazi miaka minane Italia, kisha kumi na mbili Ubelgiji. Zamani mtu wa namna hii angeweza kuambiwa kote kuwili kwamba miaka yake haitoshi. Nchi hizi zilikubaliana mapema sana, tangu miaka ya 1950, kwamba miaka ya michango ijumlishwe, kisha kila nchi ilipe sehemu yake. Mpango huo ulianza kwa raia wao. Tangu 2003 umepanuliwa hadi kwetu tusio raia, mradi tunaishi kihalali na tumehama kutoka nchi moja kwenda nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya, ukiacha Denmark iliyobaki nje ya mpango huo. Kwa hiyo yule kijana aliyeniambia ametupa hati zake za mshahara za Italia kwa kuwa "mambo ya kule yameisha", ametupa ushahidi wa miaka yake mwenyewe. Msitupe hata kipande.

Najua mtakalonijibu. Mtaniuliza huo mshikamano ulikuwa wapi nyakati nyingine, na ni kweli, kuna siku ulikimbia. Mkataba huohuo wa Roma uliifungamanisha Kongo na soko lao wakati bado ni koloni, na wazee wetu hawakuulizwa. Mwaka 2007 mahakama ileile iliyomtendea haki Defrenne iliwapa kisogo wajenzi wa Uswidi, waliokuwa wameizuia kampuni ya Latvia kujenga shule Vaxholm bila kutia saini makubaliano ya mishahara ya pale. Mwaka 2012 Ugiriki, iliyobanwa na wakopeshaji wake, ilikata kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 22, na kwa vijana chini ya miaka 25 asilimia 32. Machi 2020 Italia iliomba barakoa, majirani wakafunga maghala. Na mnakumbuka 2022, wanafunzi wetu wakisukumwa nyuma kwenye foleni za mpaka wa Ukraine. Siwezi kuwapamba watu kwa rangi wasiyokuwa nayo.

Ila tazameni pia yaliyofuata. Kwa ajili ya wajenzi, sheria ilirekebishwa mwaka 2018: anayepelekwa kufanya kazi nchi nyingine alipwe kwa kanuni za mahali anapofanyia kazi. Na Julai 2020, baada ya mkutano wa siku nne mchana na usiku, Uholanzi, Austria, Uswidi na Denmark zikivutana na wenzao, nchi 27 zilikubali kukopa kwa pamoja yuro bilioni 750 za kujiinua baada ya korona. Jambo hilo Wajerumani walikuwa wamelikataa miaka kumi mfululizo. Wengi wenu mlilipwa mkiwa nyumbani wakati ule, na katika nchi 19, Italia na Ubelgiji zikiwemo, sehemu ya fedha za kulipia mipango ya namna hiyo ilitoka kwenye mkopo mwingine wa pamoja.

Nirudi kwa madereva. Masika ya 2023, katika kituo cha malori cha Gräfenhausen, pembeni ya barabara kuu ya Ujerumani, madereva wasiolipwa waliegesha malori yao wakagoma. Kampuni ilikuwa ya Poland. Wao wengi walikuwa watu wa Georgia na Uzbekistan, wageni wa Ulaya kama ninyi. Siku ya Ijumaa Kuu mwenye kampuni alifika na walinzi wa kukodi na gari la deraya ayachukue malori. Polisi wa Ujerumani wakawakamata walinzi hao. Aliyewasemea madereva kwenye mazungumzo alitoka chama cha wafanyakazi cha Uholanzi, na vyama vya Ujerumani viliwaletea chakula. Baada ya wiki kadhaa walilipwa walichodai. Hesabuni mataifa yaliyokuwa pale barabarani. Kama Mjerumani angesema hao madereva ndio wanaotushushia mishahara, waache wafe njaa, mwenye malori angeshinda kabla ya Pasaka.

Basi neno langu kwenu ni hili. Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Hapa Ubelgiji viko vitatu, cha kijani, chekundu na cha buluu. Mimi nina changu lakini sitawagombanisha, chagueni chenye mtu anayefika kweli kazini kwenu. Mikutano ikiitishwa, nendeni, msiwaachie wenyeji kisha mkalalamika kwamba hamkutajwa. Wakala wa ajira akikuambia "Waromania wanakubali kwa bei hii", kamuulize Mromania mwenyewe ameambiwa nini kuhusu wewe. Mara nyingi mtakuta mmeambiwa maneno yaleyale.

Wenye hati za Italia, Ureno au Ufaransa walizoshindwa kuzisoma, niko nyumbani Jumamosi zote baada ya saa nane mchana, na yupo kijana wa chama anayekuja kunisaidia kujaza fomu. Yule Mromania wa zamu yako naye mwambie aje. Kama hajui Kifaransa asijali, nimepiga deki na Waitalia na Wagiriki maisha yangu yote, tutaelewana tu.

Mama yenu,
Liège