Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watoa Masaji, Mbeya Mjini

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati ya utendaji na wazee wetu wa fani,

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena. Poleni kwa baridi na asanteni kwa kufika, ingawa viti vilivyo wazi kule nyuma naviona, na nitavirudia.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirefusha. Tumefanya mafunzo mawili, Mwanjelwa na Uyole, tukarudia misingi ya kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutetemesha, na tukakumbushana kwamba kwenye miguu na mikono, mkono unaosukuma uelekee moyoni. Tulishiriki Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Tumetembelea wagonjwa, tumezika, tumeoza. Wanachama wapya ni 6.

Fedha: salio la mwaka jana 212,000, ada 1,805,000, viingilio 120,000, jumla shilingi 2,137,000. Matumizi ni mafunzo 540,000, rambirambi na pole 350,000, mashine nne za kupimia presha 300,000, kuchapa fomu 186,000, nauli na mawasiliano 145,000, jumla 1,521,000. Salio ni 616,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote, anayetaka kuziona azione leo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu, yaani kanuni ya maswali saba ya kumuuliza mteja kabla ya kumchua, na zile mashine za presha. Nimeitwa majina mengi mwaka huu. Nimeambiwa nimegeuza chama kuwa zahanati, nimekula hela za sare, nimepitisha kanuni kwa kikundi cha watu wangu. Nitajibu yote, ila kwanza niwaeleze jambo hili lilianzia wapi.

Mwezi wa tano, asubuhi, aliingia mama mmoja ofisini kwangu Kabwe. Usiku uliotangulia alikuwa ameshuka kwenye basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, amekaa dirishani na kikapu miguuni bila kunyanyuka ipasavyo. Akasema kigimbi cha kushoto kimekaza, nimchue kwa nguvu. Mafuta yalikuwa tayari kiganjani. Nilipoinua khanga nikaona kigimbi kimevimba, ngozi inang'aa. Nikagusa kwa mgongo wa mkono: cha kushoto kilikuwa na joto, cha kulia hakina. Nikachukua futi ya cherehani ya binti yangu, nikapima miguu yote miwili chini ya goti mahali palepale. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita 4. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi tofauti inapopita sentimita 3.

Nikafuta mafuta, nikamfunika, nikamwambia, "Mama, leo sikuchui." Alikasirika. Alisema amekuja kuchuliwa, hakuja kupimwa nguo. Nilimwitia bajaji mwenyewe, nikamlipia hadi Hospitali ya Rufaa. Jioni mwanawe alinipigia: damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na mama amelazwa.

Ndugu zangu, donge lile likisukumwa na gumba la mchuaji linaweza kung'oka, likapanda na damu, likapita moyoni na kwenda kuziba mshipa wa mapafu. Mtu anaweza kufia kwenye kitanda chako, taulo likiwa bado lina joto. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kati yetu ni wangapi wangeinua ile khanga na kuangalia kabla ya kumimina mafuta.

Ndiyo asili ya maswali saba: homa; upasuaji au kuvunjika; ujauzito; presha au sukari; dawa anazotumia; mzio; safari ndefu au uvimbe wa mguu mmoja. Hayazidi dakika tatu, na kila moja lina sababu yake. Mwenye sukari ya siku nyingi miguu yake inaweza kuwa imekufa ganzi. Ukimwekea chupa ya maji ya moto ataungua na hatakwambia, kwa sababu hasikii. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atavilia damu kwa mkandamizo ambao mwenzake anauona wa kawaida. Mjamzito wa miezi ya mwisho usimlaze chali muda mrefu, mimba inakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni; alale ubavu, wa kushoto ni bora, na mto katikati ya magoti. Mwenye mzio wa karanga umuulize kabla hujafungua mafuta. Na presha ikisoma namba ya juu 180 au zaidi, au namba ya chini 120 au zaidi, hakuna masaji, aende hospitali. Mwanachama aliyesema mashine ya shilingi 75,000 ni anasa, namwomba atafakari.

Kuhusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuamua. Kikao cha kwanza cha kupitisha kanuni hii tulikuja 14, tukaahirisha kama katiba inavyotaka. Baada ya wiki mbili walikuja 19, na katiba hiyohiyo inasema kikao kilichoahirishwa kitaamua kwa idadi ya waliopo. Waliokubali 15, waliokataa 4, na hao wanne nawaheshimu kwa sababu walikuja wakasema ana kwa ana. Wanaolalamika sasa kwamba hawakushirikishwa, mahudhurio ninayo hapa, majina yao hayamo.

Kuhusu sare: ni kweli fungu lilikuwa la sare, na kamati ililihamishia kwenye mashine za presha. Uamuzi huo niliuongoza mimi, na ningeuongoza tena. Bei ya mashine nilizunguka kuitafuta mwenyewe maduka matano, kwa nauli yangu.

Hoja moja niliikubali, ya kwamba fomu tunazoandikia majibu ya wateja zina siri za watu. Aliyeitoa alikuwa sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu nasi, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo fomu zikae kwenye droo yenye kufuli, na mteja asainishwe kwa ridhaa yake. Niliikuta fomu moja imefungiwa maandazi Sokomatola. Jambo hilo lilinisikitisha sana, lisirudiwe.

Wengine wanasema wateja wanakimbia maswali. Kwangu wawili waliondoka. Wengi wamerudi na ndugu zao, kwa sababu mtu akiulizwa anahisi amethaminiwa. Ridhaa ni hivyohivyo: mwambie utagusa wapi, mfunike sehemu usiyoichua, mbele ya shingo na nyuma ya goti usikandamize, na akisema basi, ni basi.

Niongeze la majiko. Juni na Julai vyumba vyetu ni vya baridi, na tunaingiza jiko la mkaa tukifunga dirisha. Mwanachama mmoja alianguka yeye na mteja wake kwa kizunguzungu. Jirani ndiye aliyefungua mlango. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Jiko likae nje, chumba kipashwe kwa maji ya moto na blanketi.

Nije kwenye viti vilivyo wazi. Tuko 64 kwenye daftari. Waliolipa ada yote ya 60,000 ni 23, waliolipa nusunusu 17, ambao hawajalipa hata shilingi ni 24. Kati ya hao 24, wamo waliopokea rambirambi ya chama mwaka huu. Sitawataja, wanajijua, na naumia kusema hivi mbele ya wageni. Mafunzo ya Uyole tuliandaa chai ya watu 50, wakaja 18. Maandazi yaliyobaki niliyapeleka nyumbani kwa watoto wa jirani.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje kutufundisha, kufikia wenzetu wa Tunduma na Tukuyu, na kutafuta chumba chetu wenyewe cha mafunzo. Sare nazo tutaziangalia hali ikiruhusu.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na fomu mpya ziko mezani, bando moja kwa kila mwanachama.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti