Kulea mtoto wa kuletewa kuna uchungu wake, tuuseme

Mhariri,

Juzi wanangu walinionyesha filamu ya Marekani ya mwaka 2018, Instant Family, nikadhani ni vichekesho vya kupoteza wakati, kumbe ntacheka mpaka nilie. Mark Wahlberg na Rose Byrne ni mume na mke hawana mtoto, wakachukua ndugu watatu kwa mpigo, na alieitengeneza, Sean Anders, mwenyewe alichukua watoto watatu vivyo hivyo kwa hivyo hasimulii ya kuskia. Kale kadogo hakataki kula ila krispi, kakinyimwa nyumba nzima haikaliki.

Mimi nlipochukua wangu hapa Kisauni, mamake kaondoka hajulikani alipo, wiki za mwanzo alikuwa malaika, shikamoo kwa kila mtu, vyombo anaosha bila kuambiwa, majirani wakawa wanisifu. Mwezi wa pili ndo nikajua sijui kitu. Siku moja natandika kitanda nikakuta chini ya godoro mahamri saba, mengine yashaota ukungu, sisimizi tele, namuuliza vipi mwanangu, akanitizama akasema, "Ukinirudisha ntakula nini?" Nlikaa chini pale pale.

Sasa kuna pahali kwa ile filamu mume na mke wako kitandani usiku wanapanga vile watakavowarudisha watoto bila kuonekana wabaya. Mhariri, mimi nishawahi kuwaza hivo hivo na sikumwambia mtu, manake hapa kwetu ukisema umechoka waambiwa huna imani, mtoto ni amana, wahesabu chakula cha yatima. Thawabu ipo, siikatai, na hata Sheria ya Watoto ya 2022 yaitambua kafala, yaani Muislamu kumlea mtoto asie wake, lakini saa nane usiku mtoto anapomlilia mamake ni mimi na yeye tu. Wenzetu mle filamuni wana kikundi, wazazi walezi wanakaa duara kila mtu anasema lililomshinda, wengine wanacheka wengine wanalia. (Mwisho wa kortini umezidi sukari kidogo, lakini hicho kikundi ndicho nlichokitamani.) Nliuliza ofisi moja kama kipo kitu kama hicho huku, hawakuwa na jibu.

Naomba msikiti au kanisa lolote, Kisauni, Likoni, Changamwe, popote, watupe chumba saa mbili tu kwa mwezi sisi tunaolea watoto wa wenzetu. Chai na mahamri ntaleta mimi.

Mama mlezi,
Kisauni, Mombasa