Uwanja wa Lokichoggio usisahauliwe

Mhariri,

Serikali inapozungumzia viwanja vya ndege nasikia JKIA, nasikia Kisumu na Malindi. Loki, yaani Lokichoggio yetu ya Turkana, siisikii. Naishi Umoja hapa Nairobi, lakini mimi ni Mturkana, na ujana wangu ulikwisha katika uwanja huo nikipakia mizigo.

Vijana huenda hawajui. Operesheni Lifeline Sudan, mpango wa misaada wa Umoja wa Mataifa, ilipoanza mwaka 1989, mji wetu, takriban kilomita 30 kutoka mpakani, uligeuka lango la chakula cha Wasudani wa kusini. Mahindi tuliyatia guniani, kisha gunia hilo ndani ya jingine kubwa zaidi, maana yalidondoshwa bila parashuti. La ndani likipasuka, la nje huzuia punje. Hercules ikifika, rubani huinua pua ya ndege, na magunia huteleza yenyewe hadi nje kwa mlango wa nyuma. Tulifunga kwa makini sana. Gunia likifumuka, kuna watoto wanaolala njaa. Ndege nyingine zilirudi na majeruhi, nao wakapelekwa Lopiding, hospitali ya Msalaba Mwekundu, ambako waliokatwa miguu walitengenezewa ya bandia.

Mkataba wa amani ya Sudan ukatiwa saini papa hapa Nairobi, uwanjani Nyayo, tarehe 9 Januari 2005. Tulifurahi kwa dhati. Mashirika yakahamia Juba, na kazi zikaenda nayo. Wenzangu wengi walirudi kuchunga mbuzi; sisi wengine tukaja mjini.

Lakini vita vilirudi Sudan Kusini Desemba 2013, na tangu Aprili 2023 Sudan nayo inaungua. Njaa ingali ng'ambo ya mpaka, na uwanja wa lami uko upande wetu. Wapo watakaosema siku hizi kuna barabara. Barabara inafaa kwa mbuzi na mahindi. Mgonjwa mahututi wa kupelekwa Eldoret hawezi kuhimili safari hiyo ya gari, na jamaa zake wanalijua hilo wanapompandisha.

Naomba wahusika, wa kitaifa na wa kaunti, watueleze hadharani mpango wao kuhusu Loki. Tunataka ndege za abiria zenye ratiba na nauli ambayo mwalimu au muuza duka anaimudu, mafuta ya ndege yasiyokosekana, na ndege ya wagonjwa inayoweza kutua hata usiku. Na kazi za kupakia mizigo na za zimamoto wapewe vijana wa hapo hapo.

Mpakiaji mizigo wa zamani,
Umoja, Nairobi