Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Televisheni Ndani ya Maktaba Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaokwisha. Mapato, matumizi na orodha ya wanaodaiwa ada vimo kwenye karatasi ya mhazini mliyogawiwa mlangoni, kwa hiyo sitavirudia. Muda wangu nitautumia kwenye jambo lililotugawa mkutano uliopita: uamuzi wa kamati kununua televisheni na kuiweka katika chumba cha maktaba.

Waliopinga walikuwa na hoja. Watoto wanatazama vya kutosha nyumbani, na fedha ile ingenunua vitabu. Lakini katuni zote si za kutiwa kapu moja. Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kurushwa TBC1 Januari 2014 kikifundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Mdogo wake, Akili and Me, ni wa watoto ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala huingia Lala Land kujifunza herufi na namba pamoja na rafiki zake wanyama. Utafiti uliofanyika katika shule za awali Morogoro, ukachapishwa 2018, ulionyesha kuwa watoto waliokitazama waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora.

Ila mtoto anaweza kuzijua herufi zote na asitamani kitabu hata kimoja. Kwa hilo kamati ilitafuta mfano mbali zaidi, Marekani. Kipindi cha Reading Rainbow kilianza PBS, televisheni ya umma ya huko, Julai 1983, na vipindi vipya viliendelea hadi 2006. Kilizaliwa na shida ambayo walimu wetu pia huilalamikia kila shule zinapofunguliwa: likizo ndefu humrudisha mtoto nyuma katika kusoma. Mtangazaji wake, LeVar Burton, ambaye sisi wazee tunamkumbuka kama Kunta Kinte wa tamthilia ya Roots, hakuja kufundisha herufi. Kila kipindi kilikuwa na kitabu chake. Kilisomwa kwa sauti huku kamera ikipita taratibu juu ya michoro, kisha Burton akaenda mahali panapohusiana na hadithi ile. Mwishoni watoto wenyewe walisimama mbele ya kamera kuvinadi vitabu walivyovipenda, na hadithi wakaiachia penye utamu. Asiyeridhika aende maktaba akamalizie mwenyewe.

Huo mwisho ndio tuliouiga. Jumamosi tunaonyesha kipindi kimoja tu, televisheni inazimwa, na mezani tayari pana vitabu vinavyokaribiana na kilichoonyeshwa. Kikiwa cha maji, basi vitabu vya mito, samaki na mvua. Kisha mtoto mmoja anainuka kukinadi kitabu alichosoma wiki iliyopita. Daftari la kuazima linasema mengi: kitabu kinachonadiwa na mtoto huondoka siku hiyohiyo, ila ninachokinadi mimi hubaki pale pale mezani. Nimeacha kunadi.

Umeme ulipokatika tulisoma kwa sauti, na sikuona mtoto aliyenuna kwa muda mrefu. Linalonisumbua ni wazazi wanaomshusha mtoto mlangoni na kurudi jioni. Anayeona mama au baba naye ameshika kitabu hukaa tofauti kabisa, nimelishuhudia hilo mwaka mzima. Tunaomba mzazi abaki, walau ile nusu saa ya mezani.

Upungufu mkubwa ni nakala. Mtoto akikinadi kitabu vizuri wanakitaka watano, nasi tuna kimoja. Anayekosa huambiwa asubiri, na hamu ya mtoto haijui kusubiri wiki tatu. Pia vitabu vya Kiswahili kwa waliokwisha kujua kusoma, wa miaka minane au tisa, ni vichache mno rafuni kwetu. Vingi tulivyopewa kama msaada ni vya watoto wadogo au vya Kiingereza kigumu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mwaka ujao tusinunue kifaa kingine chochote. Nusu ya ada zote iende kwenye vitabu vya Kiswahili, nakala nne nne, na watoto washirikishwe kuvichagua. Pendekezo hili lijadiliwe na kupigiwa kura kabla mhazini hajasoma hesabu.

Naomba kuwasilisha.