Kalibu kwanza, Rehema

Mwanangu Rehema,

Picha za sanamu yako nimeziona. Shingo umeipatia, sina neno. Lakini mbona bado ni plasta tupu, na wiki ijayo inapanda basi kwenda Nairobi? Kalibu, umbo la kumiminia nakala yake, umetengeneza?

Huyo mchongaji wa Marekani, Augusta Savage, unayemtaja kila siku, mkumbuke mpaka mwisho. Mwaka 1923 kamati ya Kimarekani ilimnyima nafasi ya kwenda kusoma Fontainebleau, Ufaransa, kwa sababu ni mweusi. Hilo alilivuka, 1929 akafika Paris. Kilichomshinda ni bei ya shaba. Kinubi chake, sanamu ya Maonyesho ya Dunia ya New York, 1939, kilikaribia mita 5: waimbaji 12 wamepangwa kwa kimo kama nyuzi, mkono mkubwa umewabeba. Plasta! Maonyesho yakafungwa, fedha ya kukimimina kwa shaba hana, pa kukihifadhi hana, kikavunjwa. Zimebaki picha na vinakala vidogo vya ukumbusho.

Kalibu ya mpira inakula hela, najua. Lakini ukiwa nayo, sanamu ikivunjika mpakani unamimina nyingine.

Na plasta yenyewe unaikoroga kwa pupa. Nyunyiza unga kwenye maji, si maji kwenye unga, mpaka vitokeze visiwa visivyozama. Iache dakika mbili inywe, ndipo ukoroge kwa mkono taratibu, mapovu yasiingie. Ikianza kuganda usiongeze maji, itakuwa chaki. Katani nimekutumia kilo mbili. Ichambue, ichovye, ilaze nyuma ya tabaka la kwanza; shingoni laza mara mbili, ndipo panapokatika. Nondo ya ndani ipake vanishi, la sivyo kutu itatoa madoa na kuipasua.

Baba yake Savage, mchungaji, alikuwa akimchapa kwa zile sanamu zake za udongo. Mimi sikukuchapa. Ule udongo wa uani... basi, mama yako alishanisema.

Anauliza sufuria kubwa, uliondoka nayo? Shangazi yako ana shughuli Jumamosi. Bomba bado linavuja.

Usiifunge kwenye gunia kama viazi. Sanduku la mbao, vipande vya godoro pande zote, na uandike juu ni upi upande wa juu.

Muuza mpira wa kalibu akitaka nusu kwanza, nitatuma kwa simu Ijumaa. Bati za jikoni zitasubiri.

Baba yako