Hata mbwa mlimtaja jina

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa nafungia maandazi kurasa zake, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilimeza mengi. Ule ukurasa wa Aprili kuhusu Titanic, ile meli iliyozama, umenikaba kooni.

Unaukumbuka. Ngazi ya mbao iliyonakshiwa, na tajiri Astor na masharubu yake. Mkamtaja mkewe, kwamba alikuwa na miaka 18 na mjamzito. Sawa. Mkamtaja na mbwa wao, Kitty. Halafu mkafunga aya: "pamoja na watumishi wao." Basi! Mbwa ana jina, binadamu ni "pamoja na".

Aliyemhudumia Astor aliitwa Victor Robbins. Alikufa usiku uleule aliokufa bosi wake, kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, katika maji yaleyale. Mtumishi wa mke wa Astor aliitwa Rosalie Bidois, naye aliokoka. Sikuchimba ardhi kuyapata hayo, nilitumia simu ya mwanangu nikisubiri wali uive. Najua mtasema ndivyo ilivyoandikwa tangu zamani, na kweli, orodha iliyochapwa ya abiria wa daraja la kwanza iliandika bwana fulani "na mtumishi", bibi fulani "na mtumishi wake". Waliofanya hivyo walishakufa. Ninyi mko hai na mna bando.

Wale wahamiaji wa Ireland nao mliwapa sentensi moja, "maskini waliokuwa wakitafuta maisha". Parokia moja tu, Addergoole huko County Mayo, ilitoa watu 14, wengi wao mabinti. Walipandia bandari ya Queenstown tarehe 11 Aprili. Kumi na mmoja hawakufika. Binti wa Ireland wa wakati ule akienda Marekani, mara nyingi alikuwa anakwenda kufua, kupika na kulea watoto wa watu, ili mwezi ujao nyumbani ipatikane kodi ya shamba na nauli ya mdogo wake anayefuata. Tiketi ya daraja la tatu ilikuwa pauni saba na ushei. Kwa hesabu za uchunguzi wa Waingereza, wanawake wa daraja la kwanza walikuwa 144 wakaokoka 140. Wa daraja la tatu walikuwa 165 wakaokoka 76. Lakini kwa karatasi yule binti wa chini alimshinda mtumishi wa juu, maana alikuwa na tiketi yake na jina lake kwenye daftari. Na huko Addergoole mpaka leo, ikifika tarehe hiyo, wanapiga kengele ya kanisa kwa ajili yao.

Sasa nikueleze kwa nini nina hasira, usije ukadhani nampenda Victor Robbins kuliko ndugu zangu. Nilikuja Mwanza mwaka 1994 kufanya kazi za ndani, nikiwa na miaka kumi na minne. Tulipanda meli usiku, mimi na mama aliyekuja kunichukua kwetu. Yeye alikata tiketi ya daraja la pili, akaandikwa. Karani akaninyooshea kalamu: "Na huyu?" Mama akajibu, "Huyo msichana wangu tu." Nikapewa kijikaratasi cha daraja la tatu kisicho na jina wala umri, nikalala juu ya mikungu ya ndizi. Sikuona ubaya wowote. Nilifurahi kwamba ndizi ni laini kuliko sakafu. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na hiyo peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Rafiki yangu, aliyefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amekwenda Muleba kumwangalia mama yake mgonjwa na alitakiwa kurudi asubuhi hiyo. Hakurudi. Nilisoma majina hadi macho yakavimba. Hakuwa kwenye waliokufa, hakuwa kwenye waliookolewa, hakuwa popote. Na bosi wake, Mhariri, yule mama alizunguka mtaa mzima akisema msichana katoroka na vitenge vyake viwili! Miezi mitatu! Mtu yuko chini ya ziwa, au yuko Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile, bila kibao, na huku mtaani anaitwa mwizi, kwa sababu tu hakuna karani aliyemwuliza anaitwa nani. Vitenge vilipatikana Septemba, chini ya godoro la mtoto. Hakuna aliyeomba radhi. Ajabu ni kwamba ndani ya meli hiyohiyo alikufa mkubwa mmoja wa Al-Qaeda, Abu Ubaidah al-Banshiri, na yeye jina lake limo vitabuni duniani kote. Gaidi kaandikwa!

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, hizi picha zenu za ukurasa wa tatu. "Kutoka kushoto ni Mheshimiwa Mbunge, Mkurugenzi, Mwenyekiti wa Halmashauri na mkazi wa kijiji hicho akipokea cherehani." Mkazi! Aliyekabidhi ana vyeo vitatu, aliyekabidhiwa hana hata jina la ubatizo. Mpigapicha wenu alisimama naye dakika kumi akimwambia acheke.

Ushauri wangu ni mdogo. Kuanzia toleo lijalo, maelezo ya picha yasomwe kutoka kulia. Mkimaliza nafasi, atakayebaki bila jina awe mbunge. Pili, kila tarehe 21 Mei acheni safu moja wazi, yenye mistari iliyopigwa namba kuanzia moja, bila tangazo la simu wala la sabuni, wenye watu wao wajaze kwa kalamu. Mkikosa safu, ondoeni nyota za wiki. Mimi ni Mizani na hakuna hata moja iliyotimia.

Jina la rafiki yangu nimeliandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na kijiji chao, mje mhakiki. Msilichape bado. Mama yake yuko hai, na mwezi ujao nakwenda kumwuliza kama anataka liandikwe la nyumbani au la shule.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza